Mizani ya Jamnadas

Bangili sita.
Mbili za mahari, tatu za bibi yangu
zilizotoka Wete zimeshonewa kwenye pindo la kanga,
na moja, nyembamba, mama aliinunua mwenyewe
kwa senti za sambusa.
Zote aliziweka juu ya kaunta hii hii,
hapa Matrah, duka la tatu ukiingilia upande wa bahari,
mimi nina miaka kumi na minane
na barua ya chuo mkobani.
Gramu kwa riali kumi na tano.
Jamnadas alihesabu noti mara mbili.
Mama hakuhesabu.
Njiani alikuwa akijishika vifundo, huu kwa huu,
kama mtu aliyesahau kitu kwenye teksi.

Bangili zililipa mwaka wa matayarisho, basi.
Kiwanja cha Barka kililipa miwili.
Iliyobaki mjomba Sleyum aliikopea benki,
na benki haina ujomba.

Nikasoma. Uhandisi wa kemikali, Sohar.
Nikajua mafuta ghafi yakichemka
kipi kinapaa juu ya mnara
na kipi kinabaki chini, kizito, cha kumwagwa barabarani.
Nikatoka na shahada yenye muhuri wa dhahabu.
Rangi tu.

Mwaka wa tatu huu.
Nimejaza fomu mpaka namba ya kitambulisho
naijua kuliko siku niliyozaliwa.
"Una uzoefu?"
Ninao. Wa kungoja.
Nakaanga sambusa na mama, Maabela,
watu wanaagiza kwa simu,
napima mafuta kwa kipimajoto:
digrii mia na themanini, yasizidi.
Mama anachovya ncha ya mwiko, anatazama vipovu.
Hatujawahi kupishana.

Shangazi Ghaniya, kila Ijumaa, kikombe cha kahawa mkononi:
"Ingelala tu sandukuni ile dhahabu,
leo ingekuwa mara tatu."
Kweli.
Dhahabu ingekaa, ingepanda.
Mimi nilipanda darasa, nikakaa.

Leo tumerudi na pesa za Ramadhani
kununua bangili moja. Ile nyembamba, au ndugu yake.
Gramu kwa riali arobaini na tano.
Jamnadas amezeeka. Mizani ni mpya, ya namba nyekundu,
na kiyoyozi kimewekwa juu yake, kinapuliza.
Namba ya mwisho haitulii.
Inapanda, inayumba, inapanda.

"Zima hiyo hewa," nikasema. "Upepo unakandamiza sahani."

Akaniangalia. Mama naye akaniangalia,
vile alivyoniangalia siku nilipotamka neno la kwanza,
au ndivyo ninavyodhani, maana sikumbuki.
Jamnadas akazima.
Joto la Matrah likaingia bila hodi,
namba ikashuka, ikatua:
pungufu sehemu tisa za mia za gramu.

Riali nne na baisa hamsini.

Mama skuli hakuiona. Alisoma chuo, kile cha Maalim Nassor,
cha ubao na wino wa masizi,
akafika juzuu ya tatu, akaolewa.
Tulipotoka, bangili mkononi, alinyamaza
mpaka taa za kwanza za barabarani.
Kisha:
"Masomo yako yote yalikula elfu kumi na moja na mia nne."
Sikujua kama anaijua.
"Toa nne na baisa hamsini."
Taa zikawa kijani, nyuma yetu wakapiga honi.
"Imebaki elfu kumi na moja, mia tatu tisini na tano,
na baisa mia tisa na hamsini."

Akaigeuza bangili kwenye kifundo,
akageukia dirisha, mabega yanamtikisika,
nami mpaka tunaingia Ruwi
sikuweza kujua kama ni kicheko.